Vigae vya mpira kwa uwanja wa watoto nyumbani: maswali tunayoulizwa kila siku

Wengi wanaotupigia wamekwisha nunua bembea. Chuma kimefika, fundi wa kuchomelea amepaka rangi nyekundu na njano, watoto hawalali kwa furaha, na ndipo mama mwenye nyumba anapotazama chini na kuona zege. Maswali yaliyo hapa ni yale tunayoyajibu kwenye simu, au tukiwa tumechuchumaa kwenye nyua za watu hapa Dar es Salaam. Kama bado hujanunua kitu, soma kwanza jibu la unene na la ukubwa wa eneo. Kimo cha bembea au mtelezo ndicho kinachoamua mambo mengine yote, na ukishakijua hutauziwa kigae kwa rangi yake.

Vigae vya mpira ni kitu gani hasa?

Ni punje za mpira, nyingi zikiwa zimesagwa kutoka matairi chakavu, zikachanganywa na gundi ya poliyurethani na kukandamizwa ndani ya fremu. Kinachotoka ni kigae kizito chenye vitundu vidogo vinavyopitisha maji. Ukikigeuza utaona mgongoni kuna vijiguu au mifereji. Hivyo vijiguu vina kazi mbili: hubonyea mtoto anapoanguka, na huacha nafasi ya maji ya mvua kupita.

Saizi iliyozoeleka ni sentimita 50 kwa 50, ingawa vipo vya mita 1 kwa 1. Kigae cha 50 kwa 50 chenye unene wa milimita 40 huwa na kilo 7 hadi 9 hivi. Vingine vina tabaka la juu la punje za EPDM, yaani mpira mpya uliotiwa rangi tangu kutengenezwa. Rangi ya namna hiyo haichujuki upesi kwa jua kama ile iliyopakwa juu ya punje za matairi.

Kwa nini nisiache nyasi zilizopo?

Nyasi zinamtosha mtoto anayekimbia akajikwaa. Chini ya bembea ni habari nyingine. Katazame bembea yoyote ya shule iliyotumika mwaka mmoja: chini ya kiti pana kishimo kilichochimbwa na visigino, nyasi zimekwisha, na udongo umekanyagwa hadi unang'aa. Kiangazi udongo ule unakuwa mgumu kama sakafu. Miongozo ya Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani haihesabu nyasi wala udongo kuwa kinga chini ya vifaa vya kuchezea.

Na mchanga?

Mchanga ni kinga ya kweli, na hatutamwambia mtu vinginevyo ili tuuze vigae. Kiwango cha Ulaya, EN 1176, kinaukubali mchanga usio na udongo, wenye punje za milimita 0.2 hadi 2, kwa kina cha sentimita 20 pale anguko lisipozidi mita 2. Juu ya hapo unaongeza sentimita 10, kwa sababu watoto huusukuma pembeni wakicheza.

Taabu yake ni ya kila siku. Paka wanaufanya choo, unahamia barazani, na unapungua chini ya bembea, pale hasa unapotakiwa, kwa hiyo lazima uurudishe kwa reki. Mtoto wa kiti cha magurudumu hawezi kuupita. Lakini kama fedha ni kidogo na una mtu wa kuuhudumia, weka mchanga wa mtoni. Ule wa pwani una chumvi inayokula miguu ya bembea. Tunachokataa kabisa ni kokoto za kupondwa zenye ncha.

Ninunue vigae vya unene gani?

Usianze na unene, anza na futi. Pima kutoka chini hadi mahali pa juu kabisa ambapo mtoto anasimama, anakaa au ananing'inia. Kwenye mtelezo ni jukwaa la juu. Kwenye bembea, Wamarekani wanahesabu hadi pale mnyororo unapofungwa, kwa kuwa mtoto anaweza kuchomoka akiwa amepaa. Kipimo hicho tunakiita kimo cha anguko.

Kila kigae kilichotengenezwa kwa kazi hii kimepimwa maabara, kwa utaratibu wa EN 1177 wa Ulaya au ASTM F1292 wa Marekani. Chuma chenye umbo la kichwa, chenye kifaa cha kupima mshtuko ndani yake, huangushwa juu ya kigae kutoka vimo mbalimbali. Mshtuko unageuzwa kuwa namba iitwayo HIC, inayokadiria hatari ya jeraha la kichwa. Pale HIC inapogonga 1,000, kigae kimefika mwisho wake. Kuna na sharti jingine: mshtuko wenyewe usizidi mara 200 ya nguvu ya uvutano. Kimo hicho cha mwisho ndicho kilichoandikwa kwenye cheti, na ndicho unachokwenda kukitafuta dukani.

Ili upate picha: vigae vya milimita 40 hadi 50 mara nyingi huishia kati ya mita 1.2 na 1.5. Anguko la mita 2 huhitaji milimita 70 hadi 80. Lakini vigae viwili vya unene mmoja vinaweza kutofautiana sana, kwa sababu kimoja kimekandamizwa kikawa kigumu na kingine kina vijiguu virefu. Vile vya milimita 20 ni vya njia ya kupita au sakafu ya mazoezi. Chini ya mtelezo havimsaidii mtoto.

Tuseme na hili, hata kama linatupunguzia mauzo: njia rahisi kuliko zote ni kupunguza kimo. Mtoto wa miaka mitatu hahitaji jukwaa la mita 1.8. Mwambie fundi wa kuchomelea akate miguu ibaki mita 1, utanunua vigae vyembamba na vichache, na usiku utalala.

Eneo liwe kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanatandika chini ya bembea tu, kama mkeka chini ya meza. Mtoto haangukii chini ya kifaa, anaangukia pembeni yake, na akitoka kwenye bembea anatua mbele kabisa.

EN 1176 inataka angalau mita 1.5 kila upande wa kifaa, ikiwa kimo cha anguko hakizidi mita 1.5. Zaidi ya hapo eneo linakua pamoja na kimo: chukua theluthi mbili za kimo, ongeza nusu mita. Kwa mita 2, inakuja kama mita 1.83. Mwisho wa mtelezo acha mita 2, kwa kuwa mtoto anatoka na kasi. Bembea inakula nafasi zaidi: kwa miongozo ya Marekani, mbele na nyuma unaacha mara mbili ya kimo cha mahali mnyororo unapofungwa. Bembea ya mita 2.4 inataka mita 4.8 mbele na mita 4.8 nyuma. Nyua nyingi za mjini hazina nafasi hiyo, na ukiona hivyo afadhali ununue mtelezo.

Tuchukue mtelezo wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2.5, jukwaa likiwa mita 1.2 kutoka chini. Upana: 1 na 1.5 na 1.5, jumla mita 4. Urefu: 2.5, ongeza 1.5 nyuma na 2 mbele, jumla mita 6. Eneo ni mita za mraba 24. Kila mita ya mraba inachukua vigae vinne vya 50 kwa 50, kwa hiyo ni 96. Ongeza vitano vya kukata na kuharibika, uwe na 101. Kwa kilo 8 kila kimoja, huo ni mzigo wa zaidi ya kilo 800. Usimwite mwenye bajaji. Hata kirikuu ipange kwa safari mbili.

Mtoto akiangukia mkono, je, hatavunjika?

Anaweza kuvunjika. Vipimo vyote tulivyotaja ni vya kichwa. Mpira unapunguza kishindo kwa mwili mzima, lakini mkono uliotangulizwa vibaya unaweza kuvunjika hata juu ya kigae kizuri. Muuzaji anayekuahidi kwamba mtoto hataumia kabisa anakudanganya. Mtu mzima awepo karibu.

Msingi uweje?

Kuna njia mbili tunazozitumia. Ya kwanza ni zege la sentimita 10 hivi, lenye mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ya pili ni ya kokoto: chimba kama sentimita 20, ondoa udongo wote wenye mizizi, tandaza kitambaa cha jiotekstaili ili udongo usipande juu, kisha jaza kokoto na uzishindilie kwa kompakta tabaka kwa tabaka. Malizia na sentimita 3 za vumbi la kokoto lililosawazishwa kwa ubao mrefu na pima maji. Mteremko ni uleule. Pande zote funga kwa kabstoni zilizokaa kwenye zege, maana bila kingo vigae hutembea.

Miguu ya bembea isimikwe kabla ya vigae, na zege lake libaki chini kabisa ya usawa wa kuchezea. Tumeona kazi ambazo vigae vimezunguka bonge la zege lililochomoza kama jiwe la kaburi. Mtoto akiangukia pale, vigae vyote vilivyobaki havina faida kwake.

Kuhusu mteremko, naandika kwa uchungu. Kazi yangu ya kwanza niliifanya nyumbani kwa dada yangu, juu ya zege lililokuwepo. Nililitazama kwa macho nikaona limenyooka, nikafurahi kwamba limenyooka. Ilikuwa Januari. Masika ilipoingia, mpwa wangu akawa anatoka uwanjani na madoa ya kuumwa na mbu mchana kweupe. Tuliinua kigae kimoja cha katikati. Chini yake, kwenye ile mifereji, maji yalikuwa yamesimama kina cha kidole, na viluwiluwi wanacheza humo. Dar es Salaam imewahi kukumbwa na homa ya dengi, na mbu wanaoieneza huuma mchana na kuzaliana kwenye maji yaliyotuama namna hiyo hiyo. Tuliinua vigae vyote 64 na kumwaga zege jipya lenye mwinuko upande mmoja.

Tangu siku ile, kabla ya kigae cha kwanza, tunamimina ndoo mbili za maji juu ya msingi na kusimama kuangalia. Yanapotuama, hapo panarudiwa.

Uwanja wangu una pevingi tayari. Nitandike juu yake?

Ndiyo, kama pevingi hazijatitia na maji yanaondoka. Zing'oe zilizozama, ongeza vumbi la kokoto, zirudishe. Kumbuka kwamba uwanja utapanda kwa sentimita 4 au 5, kwa hiyo angalia kama geti na milango bado vinafunguka. Ukingo ulioinuka usiuache wazi watoto wajikwae: nunua vigae vya pembeni vilivyochongwa mteremko.

Na juu ya udongo mtupu, bila msingi?

Hapana. Msimu mmoja wa mvua unatosha kuvizamisha kimoja kimoja, kila kimoja kwa upande wake.

Siku ya kutandika tunafanyaje?

Vigae vifike siku mbili kabla, vitandazwe uani na visiachwe kwenye rundo. Mpira hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Ukichanganya vilivyokuwa stoo na vilivyokuwa juani, havitakaa sawa hata ufanyeje.

Vuta kamba mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Ili kuhakikisha, pima mita 3 kwenye kamba moja na mita 4 kwenye nyingine, mshazari uwe mita 5 kamili. Anza kwenye kona hiyo. Safu ya pili anza na nusu kigae, ya tatu na kizima, kama fundi anavyopanga matofali ya ukuta. Kona nne zisikutane mahali pamoja, kwa sababu hapo ndipo vigae huanza kuinuka. Bana kila kigae kwa jirani yake kwa kukigonga na nyundo ya mpira, lakini penye ukuta, kabstoni au nguzo acha upenyo wa milimita 5 hadi 10 wa kupumulia. Kila baada ya safu tatu simama, tazama kamba. Kosa la milimita 3 kwenye safu ya kwanza litakuwa upenyo wa kidole ukifika mwisho.

Tunapenda kuanza saa kumi na mbili asubuhi na kupumzika jua likiwa kali.

Nakata kwa kifaa gani?

Kisu imara cha kukatia kapeti, chenye wembe mpya, na rula ndefu ya chuma. Chora mstari kwa chaki, weka ubao chini, lowesha wembe kwa maji ya sabuni, na pitisha mara nne au tano bila kulazimisha. Kigae kikipindwa kidogo, mkato unajifungua na kisu kinapita. Vya milimita 60 na kuendelea vinataka msumeno wa umeme. Kuzunguka nguzo, tengeneza kwanza umbo kwa boksi la karatasi, likikaa vizuri ndipo ulihamishie kwenye kigae.

Gundi au pini?

Kwa nyumbani tunapendekeza pini za plastiki zinazoingia kwenye matundu ya ubavuni, kisha gundi kwenye safu ya ukingoni tu. Kigae kimoja kikiharibika unaweza kukitoa. Kwenye shule, ambako watu wengi wanapita na kuna mikono ya kudokoa, gundisha vyote juu ya zege. Gundi ni ya poliyurethani, inakauka kwa unyevu wa hewani, na ikishika ngozini haitoki kwa sabuni, kwa hiyo vaa glavu. Usigundishe mvua ikinyesha. Watoto wasiingie kwa saa 24.

Jua la Dar litawaunguza watoto miguu?

Linaweza, na tunaomba uliulize hili kabla ya kuchagua rangi. Mpira mweusi ukipigwa na jua la saa saba mchana unaweza kuunguza nyayo za mtoto mdogo, ambaye bado hajajifunza kuruka akaondoka. Mtoto wa mwaka mmoja husimama palepale akilia. Bati la mtelezo nalo ni hivyohivyo.

Weka kiganja chako juu ya kigae. Ukishindwa kuhesabu pole pole hadi tano, uwanja umefungwa hadi alasiri. Rangi nyepesi kama kijivu au kijani cha mpauko husaidia, lakini kivuli ndiyo dawa. Kama una nafasi ya kuchagua, weka uwanja upande wa mashariki wa nyumba ili ukuta uukinge na jua la alasiri. Mwarobaini ni rafiki mzuri. Mwembe una kivuli kizito zaidi, ila maembe yakioza juu ya mpira yanateleza na kuita nyuki, lazima yafagiliwe kila siku. Pasipo na mti, neti ya kivuli, ile ya vitalu vya miche, ikifungwa kwenye nguzo nne inatosha.

Vinanuka. Je, vina sumu?

Harufu ya mpira huwa kali wiki za mwanzo, hasa mchana, kisha hupungua. Kuhusu sumu, swali lako ni la haki. Matairi hubeba kemikali za kundi la PAH, ambazo baadhi yake husababisha saratani. Umoja wa Ulaya, kuanzia Agosti 2022, umeweka kikomo cha miligramu 20 kwa kilo, jumla ya kemikali nane za kundi hilo, kwa punje za mpira zinazomwagwa kwenye viwanja vya nyasi bandia na vya watoto. Kigae kimefungwa na gundi, hakimwagiki kama punje, lakini mwombe muuzaji majibu ya vipimo vya PAH kama unavyomwomba ya kimo cha anguko.

Kwa upande wako: mikono ioshwe kabla ya kula, na kigae kinachomomonyoka kitolewe, maana mtoto anayetambaa ataokota punje atie mdomoni. Jiko la mkaa na moto wa takataka viwe mbali. Mpira ukishika moto, moshi wake ni mzito na mbaya.

Nina matairi ya zamani. Nikiyakata mwenyewe nikayapanga?

Tunaelewa nia, na fundi mwenye patasi anaweza kulikata tairi likawa bapa. Lakini ndani ya tairi kuna nyuzi za chuma. Kiwandani huvutwa kwa sumaku. Kwako zitabaki, na baada ya miezi michache zitachomoza kama sindano zenye kutu. Isitoshe, kipande cha tairi juu ya udongo mgumu hakibonyei kiasi cha kumfaa mtoto.

Mikeka ya sponji ya kuunganisha, ile ya rangirangi?

Ni ya chumbani. Jua huikausha ikakatika, upepo huibeba.

Nasafishaje?

Fagio la chelewa na maji. Mchanga ndio adui mkubwa: ukiingia kwenye vitundu unaziba njia ya maji na kukifanya kigae kiwe kigumu. Fagia mara mbili kwa wiki, na mara moja kwa mwezi piga maji ya mpira kwa nguvu. Ukungu wa kijani wakati wa masika unasuguliwa kwa brashi na maji ya sabuni. Mafuta ya taa na petroli visiguse kabisa, vinalegeza gundi iliyoshika punje.

Siku hiyo ya mwezi kagua chini ya bembea na mwisho wa mtelezo. Hapo vigae huchakaa mapema kuliko kwingine. Vikianza kupungua, vibadilishane nafasi na vya pembeni.

Vigae vimeinuka kama paa la nyumba. Nifanyeje?

Vilibanwa sana ukutani, na joto limevitanua. Toa safu ya mwisho, punguza milimita 5 kwa kisu, rudisha. Kama ni kimoja tu katikati, inua uangalie: mara nyingi ni mzizi, au wadudu wamejenga chini yake.

Muuzaji anasema cheti hana, ila vigae ni vizuri.

Basi vinunue kwa ajili ya njia ya kwenda getini. Chini ya bembea usiviweke.

Nikihama nyumba naweza kuvichukua?

Kama umetumia pini, ndiyo. Kabla ya kuvitoa, piga picha uwanja wote, kisha andika namba mgongoni mwa kila kigae kwa chaki, safu kwanza halafu nafasi: 3/7 ni safu ya tatu, kigae cha saba. Vile vilivyokatwa kuzunguka nguzo vifungwe pamoja na kuandikwa nguzo gani. Visafirishwe vikiwa vimelala. Ukivisimamisha kwa siku nyingi hupinda, na itabidi uvilaze juani siku nzima kabla ya kuvitandika tena.